Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Mtutu Mfupi

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, bunduki ya mtutu mfupi inafaa kujilindia nyumbani? Tumechagua tano. Moja iliyotaka kujua namna ya kukata mtutu kwa msumeno hatukuichagua, na mwenyewe anajua kwa nini.

Assalamu alaykum. Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio, Marekani. Anamiliki silaha kihalali na anataka kununua AR-15, bunduki inayojipakia yenyewe, yenye mtutu wa inchi 7.5 kwa ulinzi wa nyumba. Muuzaji kamwambia ni bunduki ileile, ila fupi. Mimi niliwahi kuwa askari na maneno hayo hayaniingii. Nimwambieje? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Wa alaykum salaam, mzee wetu. Hayakuingii kwa sababu si kweli. Risasi ya 5.56, ile ya AR-15, ilitengenezewa mtutu wa inchi 20, na nguvu yake karibu yote ni mwendo, maana yenyewe ni nyepesi: ile ya kawaida ya zamani, M193, ina uzito wa gramu 3.56 tu. Katika inchi 20 inatoka kwa mita 990 hivi kwa sekunde. Katika inchi 16 ni kama 950. Ukifika inchi 10.5 umeshuka hadi 830 au karibu na hapo, na kwa inchi 7.5 unabaki na mnamo 700. Piga hesabu ya nishati: toka inchi 16 hadi 7.5 umepoteza karibu nusu. Bado inazidi bastola ya 9mm, tusimdanganye kijana, lakini si bunduki ileile.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja kabisa. Risasi hii humsimamisha mtu kwa kupinduka na kuvunjika vipande ikishaingia mwilini, na M193 huvunjika vizuri ikiwa bado ina mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde au zaidi. Ikitoka kwenye mtutu wa inchi 7.5 iko chini ya hapo tangu mdomoni mwa mtutu. Inapita ikiwa nzima, na risasi isiyovunjika huenda mbali zaidi. Nyumba za huko mara nyingi kuta zake za ndani ni mbao na jipsamu, kitu ambacho sisi tunaweka darini. Kwa hiyo mtutu mfupi unaweza kumpa mpwa wako risasi dhaifu kwa mwizi na hatari zaidi kwa aliye chumba cha pili. Akishikilia ufupi, basi atumie risasi za ncha laini zilizotengenezwa kupanuka kwa mwendo mdogo, na asome kwenye boksi zimekusudiwa mwendo gani.

Kisha kelele. Mlio wa mara moja unaozidi desibeli 140 huumiza masikio, na bunduki ya 5.56 huvuka 150 hata ikiwa ndefu. Katika mtutu mfupi baruti haijamaliza kuungua risasi ikitoka, kwa hiyo inaungulia hewani: mlio unazidi 160 na mdomoni panatoka ulimi wa moto. Ndani ya chumba kilichofungwa, usiku, bila vizibo vya masikio, mtu atabaki na mlio kichwani na doa jeupe machoni, wakati huo ndipo anahitaji kusikia na kuona. Mdomoni afunge kizima-mwanga cha kawaida. Kile kifaa kinachorusha gesi pembeni ili bunduki isipige teke hakifai nyumbani. Kinawarudishia kishindo aliyeshika na aliye pembeni yake.

Nalo la mwisho ni uaminifu wa bunduki yenyewe. AR-15 hujipakia kwa gesi inayochotwa kwenye tundu dogo la mtutu. Baada ya kupita tundu hilo, risasi inatakiwa isafiri kidogo ndani ya mtutu ili gesi ipate muda wa kufanya kazi. Ukifupisha mtutu, muda huo unakatika, na mtengenezaji analazimika kupanua tundu: M4, bunduki ya jeshi la Marekani ya jamii hiyohiyo, yenye mtutu wa inchi 14.5, ina tundu la inchi 0.062 hivi, ilhali ndugu yake Mk18 ya inchi 10.3 ilipanuliwa hadi 0.070. Gesi inaingia kwa nguvu, boliti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) inafunguka mapema ganda likiwa bado limebana kwenye chemba (pale risasi inapokaa), na kikucha kinachong'oa ganda kinateleza au kinavunja ukingo wake. Au boliti inarudi kwa kasi ambayo springi ya magazini (kisanduku cha risasi) haiifikii, na unafyatua chemba tupu. Meno ya boliti nayo huvunjika mapema kuliko kwenye bunduki ndefu.

Dalili ziko sakafuni. Maganda yakirukia mbele upande wa kulia, gesi imezidi; yakianguka nyuma kwa ulegevu, haitoshi. Tiba ya gesi iliyozidi huanzia kwenye kizito kilichomo ndani ya kitako (aweke kizito zaidi), springi mpya ya kikucha na magazini zisizochoka. Asiiamini bunduki hiyo kabla ya kupiga angalau risasi 200 za aina ileile atakayoiweka nyumbani, bila kukwama hata mara moja.

Ushauri wetu: 5.56 isishuke chini ya inchi 10.3, na 11.5 ni bora zaidi. Akitaka fupi kuliko hapo, kuna .300 Blackout, aina nyingine ya risasi iliyoidhinishwa 2011, ambayo baruti yake huungua yote katika inchi 9 hivi. Lakini hiyo inaingia kwenye magazini zilezile za 5.56, na risasi yake ikiwekwa kwenye bunduki ya 5.56 inaweza kukaa kwenye chemba na kuipasua bunduki usoni mwa mtu. Nyumba yenye zote mbili iwe na magazini za rangi mbili, wala zisikae kabati moja.

Sheria nayo ipo. Huko, kwa sheria iliyoanza 1934, bunduki ya kuegemeza begani yenye mtutu chini ya inchi 16 lazima isajiliwe serikalini kabla mtu hajaichukua. Kodi yake ya dola 200 imefutwa kuanzia Januari 2026, lakini usajili haujafutwa. Akinunua mtutu kando na kujiungia nyumbani bila usajili, ni kosa la jinai.

Mhariri, nimeona picha za askari wa Marekani wakipanda meli na bunduki fupi, na Warusi ndani ya magari ya kivita. Kama zina kasoro zote hizo, mbona majeshi yanazo? (Msomaji, Chake Chake)

Kwa sababu wanapita kwenye milango ya meli na vifuniko vya magari ya deraya, ndugu yetu, na huko sentimita kumi ni kitu. Mk18 ilitokana na kazi ya jeshi la majini la Marekani ya kupanda na kupekua vyombo. AKS-74U ya Warusi ilikusudiwa madereva, marubani na wahudumu wa mizinga: ikikunjwa kitako ni milimita 490 tu. Lakini tazama walichotoa. AK-74, ile ndefu ya jamii hiyo, yenye mtutu wa milimita 415 hurusha risasi kwa mita 900 kwa sekunde. AKS-74U yenye mtutu wa milimita 206.5 ni 735. Na yale "makopo" unayoyaona mdomoni mwake si pambo. Bila chemba ile ya gesi isingejipakia vizuri.

Askari hao wana vitu ambavyo mtu wa nyumbani hana: vizibo vya masikio, kiwambo cha kupunguza mlio, wenzao watatu nyuma yao, na fundi wa silaha anayebadilisha boliti kwa ratiba kabla haijavunjika.

Watu huchanganya ufupi wa bunduki na ufupi wa mtutu. Mpwa wa mzee wa Mwanakwerekwe, akitoka inchi 16 kwenda 7.5, anaokoa milimita 216, yaani kama shibiri moja. Sasa chukua M16A2, bunduki ndefu ya jeshi la Marekani: mtutu inchi 20, urefu wote milimita 1,006. Steyr AUG ya Austria ina mtutu uleule wa inchi 20, lakini kwa kuwa magazini na boliti zimewekwa nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako, urefu wake wote ni milimita 790. Tofauti ni milimita 216 zilezile, na hakuna mwendo uliopotea. Kasoro zake zipo, kifyatulio chake huwa kizito na kizembe, na mwenye mkono wa kushoto anaweza kurushiwa maganda shavuni. Hata hivyo, kwa mtu anayeruhusiwa kuchagua, sisi tungeanzia hapo kabla ya kugusa mtutu.

Mimi ni mlinzi katika hoteli Paje. Kampuni imetupa shotigani. Mwenzangu anasema ikikatwa mtutu marisau yatatawanyika mlango mzima, huhitaji hata kulenga. Ni kweli? Na kutu ya bahari tuifanyeje? (Msomaji, Paje)

Si kweli, kaka, na mkiikata mtakuwa mmetoka kwenye ulinzi na kuingia kwenye taarifa ya polisi. "Shotigani iliyokatwa mtutu na kitako" mnajua wenyewe husomwa kwenye habari za namna gani.

Kwa umbali wa ndani ya jengo marisau makubwa hayatawanyiki hivyo. Kadirio la kawaida ni sentimita 2 mpaka 3 kwa kila mita moja. Kwa mita 5, umbali wa ukumbi wa mapokezi, kishada chake ni kama upana wa kiganja kilichofunguliwa. Mtu asiyelenga anakosa. Kukata mtutu huondoa ule mbano wa mdomoni, kama upo, na huondoa kilenga cha mbele. Kutawanya kunaongezeka kidogo. Mnachopata kwa hakika ni mlio, moto, na mkono wa mbele kukaa karibu mno na mdomo. Teke likiuvuta mkono nusu shibiri mbele, vidole viko njiani. Na bunduki ya kukoki kwa mkono ina bomba la risasi chini ya mtutu, kwa hiyo mara nyingi hata nafasi ya kukata haipo bila kuiharibu.

Kutu ndiyo adui wenu wa kweli. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi chumbani. Mwisho wa kila zamu futeni chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta ya silaha, hasa pale mikono ya jasho iliposhika. Ndani ya mtutu na chemba pitisheni kitambaa cha mafuta, kisha kikavu: mafuta yakituama kwenye chemba hukusanya mchanga. Msiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi au wenye sponji, vinanyonya unyevu. Risasi nazo zikagueni. Vile vikombe vya chini mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, vikipata kutu hunasa kwenye chemba na bunduki haikokoki tena. Yenye kutu irudishwe kwa mkuu wa zamu, isipigwe msasa.

Mtu wa kawaida Zanzibar anaweza kupata kibali cha bunduki kama hiyo ya AR? (Msomaji, Wete)

Usiitegemee. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi, Aprili 2004, ambamo zilikubaliana kuwakataza raia kumiliki bunduki za kivita, zikiwemo zinazojipakia zenyewe. Habari za vibali vingine waulize polisi wenyewe, si dalali.

Tunakaa Mji Mkongwe, ngazi zetu ni nyembamba na zimesimama. Mume wangu ana bastola ya kibali. Anasema angekuwa na bunduki fupi angeshuka kumkabili mwizi. Mimi naogopa, watoto wanalala chumba cha pili. Kuta za mawe zinazuia risasi? (Mama, Malindi)

Bi mkubwa, kuta zenu za asili za mawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita hivi, zitaizuia risasi ya bastola na ya 5.56 pia. Tatizo si hizo. Tatizo ni zile za kugawia vyumba zilizoongezwa baadaye kwa plaiwudi au jipsamu, na milango ya ndani. Hizo hazizuii chochote, na tofali la tundu la inchi 5 nalo halitegemewi. Chukueni karatasi, chora anapolala kila mtoto, kisha mstari toka kichwa cha ngazi kwenda kila upande. Mstari unaofika kitandani bila kukuta jiwe, hamishieni kitanda.

Kushuka ngazi hizo kumkabili mtu ni kosa, silaha iwe fupi au ndefu. Anayeshuka huonekana miguu kabla yeye hajaona kitu. Akae juu, watoto wote nyuma ya ukuta wa mawe, taa ya ngazini iwashwe kwa swichi iliyoko juu, apige kelele kuwa polisi wameshaitwa, nanyi mpigeni kweli: 112. Mlango wa chini uwe na komeo la ndani, na kipokeo chake kikazwe kwenye fremu ya mbao kwa skrubu za inchi 3. Zile fupi zinazokuja na kitasa hung'oka kwa teke moja.

Bastola ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi kando. Msilifunge sanduku ukutani kwa plagi za plastiki, chokaa cha zamani kinamong'onyoka na halitashika. Lifungeni kwenye boriti au ndani ya kabati zito, kwa bolti nne zilizopita mpaka upande wa pili na kukazwa kwa nati na washa pana.