Lipu inatoa chumvi na nataka kuuza nyumba: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina nyumba ya vyumba vitatu Shangani, Mtwara, karibu na bahari, ya tofali za saruji, ilijengwa 2003. Ukuta wa sebuleni na wa vyumba viwili unatoa unga mweupe kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi inavimba na kubanduka. Nimepaka mara tatu, inarudi vilevile. Bati nalo limeanza kutu upande wa baharini. Dalali ananishauri niweke dari ya jipsamu yenye taa, vigae vyeupe sebuleni, na nibandike vigae sehemu ya chini ya ukuta kuficha hiyo chumvi. Nina milioni nne. Nataka kuuza msimu wa korosho, watu wakiwa na pesa. Sasa ni Juni. Nianzie wapi?

JIBU: Kazi ni njema, ndugu. Dari na vigae viache kwanza. Mnunuzi wa Mtwara anaijua chumvi kuliko dalali wako. Akiingia tu atainama akwangue ukuta kwa ukucha, na akiona vigae vimebandikwa ukutani hadi kiunoni atajua vinaficha nini. Tena havifichi muda mrefu. Maji yakizibiwa njia chini hupanda juu ya kigae, na mwaka ujao chumvi itatokea kifuani badala ya kiunoni.

Juni umeuliza wakati mzuri. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kwa kawaida Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na sasa kusi ndiyo inakausha. Minada ya korosho huanza Oktoba. Kwa hiyo una miezi minne mikavu, na kazi yako inaihitaji yote, kwa sababu sehemu kubwa ni kusubiri ukuta ukauke.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba na tiba yake ni madirisha kufunguka. Kisha angalia umbo la alama. Mstari unaokwenda karibu sawa kwa kimo, kama wako, ni maji ya ardhini yanayopanda kwa sababu juu ya msingi hapakuwekwa nailoni, au iliwekwa lakini udongo na sakafu ya nje vimepanda vikaipita. Madoa yaliyotawanyika ukuta mzima hadi juu ni mchanga wa pwani uliotumika kwenye tofali au lipu. Doa moja lisilokauka hata Septemba, karibu na choo, ni bomba.

Unga wenyewe hausababishwi na rangi mbaya. Maji hupanda yakiwa na chumvi, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuganda. Chembe zake zikikua husukuma rangi, kisha lipu. Chumvi hiyo pia hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta unatoka jasho hata siku isiyo na mvua.

Anzia nje. Chimba udongo kuzunguka nyumba mpaka uwe sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Kwa nyumba nyingi za Shangani hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, maana kila anayepanda maua au kumwaga kifusi huinua uwanja kidogo kidogo. Halafu mwaga zege jembamba kuzunguka, upana sentimita 75, unene sentimita 7.5, liinamie nje sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Mzunguko wa mita 40 kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) unakula saruji mifuko 10, mchanga mita moja ya ujazo na kokoto mita mbili. Likate mstari wa kuvuka kila baada ya mita mbili, la sivyo litajipasua lenyewe mahali usipopenda.

Ndani, bandua lipu kwa tindo hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Usibakize kipande kwa kuwa kinaonekana kigumu; chumvi imo. Unga uliobaki kwenye tofali upige brashi ya waya ukiwa mkavu, uzoe na ukautupe mbali. Usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Baada ya hapo acha ukuta uchi wiki nne hadi sita, madirisha wazi, ukipiga brashi kila wiki. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanabandua Jumatatu, Jumatano wanapiga lipu.

Mchanga wa lipu uwe wa mto au wa shimo lililo mbali na pwani. Upime kabla ya kununua gari zima: tikisa kiasi kwenye chupa ya maji safi, acha yatulie, dondosha matone ya yale maji kwenye sahani nyeusi, uianike. Ikibaki duara nyeupe iliyokolea, rudisha mchanga. Tanguliza tope zito la saruji na mchanga 1:2 la kurushia ili lipu ishike, kesho yake piga lipu ya 1:4, unene milimita 15. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakwenda na ndoo saba za lita 20. Tia dawa ya unga ya kuzuia maji kama lebo inavyosema. Nyingi ni kilo moja kwa mfuko. Kuta zako zikifika mita 32 kwa urefu na mita 1.2 kwenda juu, nunua mifuko saba ya saruji na mita moja ya mchanga. Dawa hiyo weka lipu ya ndani peke yake. Ukiziba na upande wa nje, unyevu uliomo katikati utakosa pa kutokea isipokuwa juu.

Mwagilia lipu siku saba. Kisha subiri siku 28 tangu ilipopigwa ndipo upake praima ya kuzuia magadi ya saruji, na rangi ya maji mikono miwili, yaani upake mara mbili. Ndoo ya lita 20 inatosha takriban mita 100 za mraba kwa mikono yote miwili kama ukuta ni laini. Poda ya jipsamu usiitumie kulainisha sehemu hiyo ya chini. Ikinyonya maji inalegea kama unga wa muhogo. Tumia saruji nyeupe. Na rangi ya mafuta usiikaribie, inafungia unyevu ndani na kuvimba.

Wakati ukuta unakauka, panda juu. Angalia bati chini ya upenu kabla ya kuangalia upande wake wa juu. Hapo mvua haifiki kusuuza chumvi ya bahari, kwa hiyo huliwa mapema. Likipinda au kutoboka kwa kidole, badilisha bati zima. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mkono mmoja na rangi ya bati miwili siku hiyohiyo au kesho yake, kabla hewa ya bahari haijaweka chumvi upya. Misumari iliyolegea ing'oe, weka skrubu nene kidogo zenye mpira, kwenye mgongo wa bati, wala si kwenye bonde. Ukiwa huko gonga kenchi kwa nyundo. Mbao inayolia kama ngoma imeliwa na mchwa.

Ukifika hapo sehemu kubwa ya milioni nne imeondoka. Inayobaki iende chooni na kwa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), apime waya wa ardhini. Fimbo yake iliyochimbiwa chini huliwa na chumvi huku taa zinawaka vizuri, na mnunuzi makini huleta fundi wake. Dari ya zamani ipake rangi nyeupe tu. Dari ya jipsamu ni ladha ya mtu, huenda mnunuzi wako akaing'oa.

Picha za ukuta ukiwa umebanduliwa zipige, na mnunuzi umwonyeshe bila kungoja aulize. Bei hushuka kwa chumvi iliyofichwa zaidi kuliko kwa chumvi iliyotibiwa.

Kwa upande wa makaratasi, malizia kodi ya pango la ardhi na bili ya maji ya MTUWASA. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini hakikisha mita imeunganishwa na nyumba hii. Kama mnaishi humo na mwenzi wako, ridhaa yake ya maandishi ipatikane mapema: Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Risiti za EFD (za mashine ya kodi) za saruji, bati na rangi zitie kwenye bahasha moja na hati, maana kodi ya faida ya mauzo hukokotolewa baada ya kuondoa gharama unazoweza kuthibitisha.