Bagi ya Rimoti ya Kizamani kwenye Mchanga wa Malindi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiunda na kuendesha magari ya rimoti ya mtindo wa miaka ya 1980 hapa Malindi, na karibu kila Jumapili hutokea kijana, au mzazi aliyefuatana na mwanawe, akaniuliza aanzie wapi. Ninaandika makala haya ili niwajibu wote kwa utulivu, kwa sababu majibu ya ufuoni hukatizwa na upepo. Gari ninalolizungumzia ni bagi: gari jepesi la kukimbia mchangani na kwenye udongo, lenye urefu wa kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, matairi mapana nyuma, mota ya umeme na betri, ambalo mwenyewe hulipata likiwa vipande ndani ya boksi na kulifunga skrubu moja baada ya nyingine.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba hapa kwetu bagi haifi kwa kupinduka wala kwa kugonga jiwe. Hufa kabatini, siku chache baada ya kurudi ufuoni, kwa chumvi iliyoachwa ndani yake. Ya kwanza niliipoteza hivyo. Niliiendesha alasiri moja kwenye mchanga wenye unyevu upande wa Silversands, nikaipangusa kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaiweka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili nilipolisukuma gurudumu la mbele kwa kidole, lilizunguka nusu duara likakwama, kisha likaachia kwa mkwaruzo kama wa kisu kwenye jiwe la kunolea. Nilipoichomoa beringi, ile pete ya gololi inayolizungusha gurudumu, ilidondosha unga wa rangi ya matofali juu ya gazeti nililokuwa nimelitandika. Mota nayo, nilipoipa umeme, ilitoa harufu ya kuungua na haikuzunguka tena. Tangu siku hiyo, kila uamuzi ninaoufanya kuhusu magari haya, kuanzia kuyanunua hadi kuyalaza, naufanya nikiifikiria chumvi kwanza.

Tuanze na kuchagua. Kampuni ya Tamiya, yenye makao yake Shizuoka nchini Japani, ni miongoni mwa zilizoyaeneza magari haya duniani. Sand Scorcher yake ilitoka mwaka 1979, Frog ikafuata mwaka 1983, Grasshopper na Hornet zikatoka mwaka 1984, na Hotshot mwaka 1985. Kwa bahati njema nyingi kati ya hizo zimetolewa upya, Hornet mwaka 2004 na Sand Scorcher mwaka 2010, kwa hiyo anayependa mtindo wa kale halazimiki kutafuta gari kuukuu lililochoka plastiki. Watu wengi huvutiwa kwanza na Sand Scorcher, na mimi nawaelewa, kwa kuwa ni gari zuri mno na vyombo vyake vya rimoti hukaa ndani ya sanduku lililozibwa, jambo la busara kubwa kwa wakati wake. Lakini mikono yake inayobeba magurudumu ni ya metali, na metali hiyo haipatani na hewa yetu. Mtu wa Nakuru ningemshauri ainunue bila kusita. Mtu wa Malindi namshauri aiweke sebuleni aitazame, na gari la kukimbiza achague Hornet au Grasshopper.

Chasisi ya magari haya mawili ni plastiki ngumu iliyoumbwa kama beseni. Nyuma yake gia, ekseli na mota vimefungwa katika kasha moja, na kasha zima hupanda na kushuka pamoja kila gurudumu linapokutana na kituta. Ndiyo maana gari hurukaruka kwenye ardhi ya mashimo, na anayetafuta gari tulivu la mashindano hatalipata hapa. Hata hivyo, uchache wa vipande vyake ndio unaonivuta, kwa sababu kila kiungo kisichokuwapo ni pembe moja pungufu ya chumvi kujificha, na mtu aliyezoea hulifungua gari zima kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Grasshopper kwa asili yake huja na mota ndogo ya aina ya 380, na Hornet huja na ya 540 yenye nguvu zaidi. Kwa mtoto wa miaka kumi, Grasshopper inatosha.

Katika kufunga, kosa la kwanza la wengi ni bisibisi. Skrubu za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na cha bisibisi yetu ya nyota, lakini havilingani sawasawa, na ya kawaida huteleza ikakwangua kichwa mpaka skrubu isitoke tena. Tafuta bisibisi ya kipimo cha Kijapani, yaani JIS, hata kama ni moja tu. Kwa kuwa gari la Malindi litafunguliwa mara nyingi, tundu za plastiki zinahitaji huruma: kila unaporudisha skrubu, izungushe kwanza kinyume polepole mpaka uihisi imedondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze, nawe uache mara tu inapogoma. Ile gundi maalumu ya kuzuia skrubu zisilegee itumike pale chuma kinapoingia kwenye chuma pekee. Mimi niliipaka kwenye skrubu za chasisi kwa kudhani naiimarisha, na baada ya siku chache plastiki ikaota nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka kila tundu, kwa sababu gundi ile huila plastiki ya aina hii.

Kuhusu beringi, mafundi wa bara husema ondoa bushi zote, yaani pete za kawaida zisizo na gololi zinazokuja na boksi, na uweke beringi kila mahali. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Ndani ya kasha la gia naweka beringi, za milimita 5 kwa 11 kwa 4, zenye mfuniko wa mpira na si wa bati, kwa sababu mpira huzuia mchanga vizuri zaidi. Magurudumu ya mbele nayaachia bushi za plastiki. Hayabebi nguvu ya mota, bushi haishiki kutu, na ikilika hubadilishwa kwa gharama ndogo. Grisi nayo iwe ndani ya kasha la gia tu, tena kidogo; kiungo cha nje kilichopakwa grisi hukusanya mchanga na kugeuka msasa.

Juu ya rangi sitakawia. Bodi ya Hornet ni plastiki nyembamba inayopenya mwanga, nayo hupakwa kwa ndani kwa rangi zilizotengenezwa kwa plastiki hiyo, ukianza na rangi iliyokoza na kumalizia na isiyokoza. Ya Grasshopper ni plastiki ngumu na hupakwa kwa nje. Zote mbili zioshwe kwanza kwa sabuni ya vyombo, na usipake siku ya upepo wa Kusi, kwani vumbi litaganda kwenye rangi mbichi.

Vyombo vya umeme ndipo mtindo wa kale ninapouacha bila majuto. Magari ya awali yalidhibiti mwendo kwa kipande cha shaba kilichoteleza juu ya sahani, huku umeme wa ziada ukipotea kama joto, na shaba iliyo wazi hapa pwani huota ukijani upesi. Weka kidhibiti mwendo cha elektroniki kilichozibwa. Rimoti nazo zilitumia masafa ya megahezi 27 na vipande vya fuwele ya kuchagulia njia, hata watu wawili wenye fuwele ya aina moja hawakuweza kuendesha pamoja. Za leo za gigahezi 2.4 zimeondoa tabu hiyo. Kipokezi, yaani chombo cha garini kinachopokea amri za rimoti, kitie ndani ya puto la kawaida la watoto, shingo yake uibane kwa mpira pale nyaya zinapotokea, na sehemu ya mota yenye matundu uifunike kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike, inayopitisha hewa na kuzuia mchanga. Kwa kuwa soksi hupunguza upepo, simama kila baada ya dakika chache uiguse mota. Ikiwa kidole hakiwezi kukaa juu yake kwa kuhesabu hadi tano, ipumzishe.

Washa rimoti kwanza, kisha gari. Wakati wa kumaliza, zima gari kwanza, kisha rimoti. Mpwa wangu aliligeuza agizo hilo mara moja, akiwa na rimoti ya zamani, na gari lililobaki bila bwana lilikimbia moja kwa moja baharini. Tuliliokoa, lakini vyombo vyote vya umeme vilikuwa vimekwisha.

Mahali na saa ya kuendesha vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mchanga mkavu wa juu ni laini, na mota huhangaika ndani yake mpaka ikapata moto. Mchanga mgumu ulioachwa na maji ya kupwa, hasa wakati wa bamvua maji yanapokwenda mbali, ndio mtamu kwa mwendo, lakini ndio wenye chumvi nyingi. Wakati wa Kusi bahari hurusha mwani pwani, nao hujisokota kwenye ekseli kama uzi kwenye kibiringo. Vilima vya mchanga vya Mambrui vinapendeza mno, na mara chache kwa mwaka huwa naenda, ila nikirudi hukuta chembe nyeusi nzito zimeganda kwenye mota, kwa kuwa mchanga ule una madini yanayovutwa na sumaku. Kwa siku za kawaida napendelea udongo mwekundu, ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Magarini. Hakuna chumvi ya bahari, ardhi imeshikana, na vumbi lake hutoka kwa brashi.

Ukiwa ufuoni, kaa mbali na nyavu zilizoanikwa na vyombo vilivyopandishwa, na wasalimie wavuvi kabla ya kuwasha chochote, kwa sababu pale ni mahali pao pa kazi. Sehemu ya juu ya ufuo, ambako maji hayafiki, ndiko kasa hutaga mayai. Usiendeshe huko hata kidogo, na usiendeshe ufuoni usiku.

Sasa nifike kwenye kazi ya jioni, ambayo niliisomea kwa kuwatazama mafundi wa mashine za boti. Boti ikirudi kutoka baharini, mashine yake hupitishiwa maji matamu kabla haijalala, hata kama fundi amechoka na giza limeingia. Nami nafanya hivyo hivyo. Natoa betri, bodi na magurudumu, kisha naondoa mchanga kwa brashi ya kupakia rangi ukiwa bado mkavu, kwa maana ukilowa hushika kwenye kila pembe. Baada ya hapo nanyunyizia maji matamu kwa chupa ya kunyunyizia, chini ya chasisi na kuzunguka kasha la gia, bila kuyarusha kwa nguvu, kwani nguvu huyasukuma ndani ya beringi. Angalieni sana maji yenyewe: visima vingi vya mjini kwetu vina chumvichumvi, na kuosha gari kwa maji ya kisima hicho ni kulipaka chumvi upya. Mimi huweka akiba ya maji ya mvua katika jerikeni moja, na jerikeni hilo halina kazi nyingine.

Kisha napuliza viungo kwa pampu ya baiskeli mpaka matone yakome kutoka, naliacha gari kivulini penye upepo usiku kucha, na asubuhi natia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila beringi na kila ncha ya mhimili wa mota. Kama nilikuwa Mambrui, naifungua mota na kuzitoa chembe nyeusi kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa utepe wenye gundi, nikizifuata moja moja kwenye ukingo wa sumaku, kwa sababu zilizobaki hulegea na kuingia kwenye kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Kazi yote huchukua kama dakika arubaini. Hornet niliyoifunga baada ya ile ya kwanza ina miaka mitano, na beringi zake za kasha la gia ni zile zile nilizoanza nazo.

Limebaki suala la betri. Kwa anayeanza nashauri betri ya NiMH, yaani ya nikeli, ya volti 7.2, yenye seli sita za volti 1.2 kila moja, kwa kuwa huvumilia makosa. Betri ya LiPo, yaani ya lithiamu, ya seli mbili, yenye volti 7.4, ni nyepesi na ina nguvu, lakini inahitaji kidhibiti mwendo chenye kuikata kabla seli haijashuka chini ya volti 3, na ichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, nawe ukiwa hapo hapo. Usiiache ndani ya gari au tuktuk juani. Kama hutaitumia kwa wiki nzima, ishushe hadi kama volti 3.8 kwa kila seli na uihifadhi penye baridi. Nyumbani kwangu hukaa ndani ya chungu kikavu cha udongo, chini ya meza ya kazi, mbali na pazia na makaratasi.