Mtoto anakohoa, Septrin haijashika, nimpe Azuma?

Pole sana mama, nimekuelewa, wa mwaka na nusu, mafua na kikohozi siku ya nne, Septrin ya dukani haijashika na sasa muuza duka anakwambia umpandishie Azuma, antibayotiki nyingine kama Septrin. Usimpe kwanza. Mie wa kwangu nilimzungusha hivyo hivyo dawa tatu ndani ya mwezi kumbe ni virusi tu, na antibayotiki haziui virusi hata ununue ya bei gani.

Na hata ikiwa ni bakteria, yule nyumokokasi anayeleta nimonia ana aina zaidi ya 90 na huku kwetu wengi wao Septrin haiwaui tena, ndo maana siku hizi kituoni wanaanza na amoksilini, tena kwa kilo za mtoto sio kijiko cha kukisia.

Leo fanya hivi, akiwa ametulia mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 40 mpeleke leo leo, na hiyo chupa ya Septrin nenda nayo. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au degedege, usisubiri asubuhi.

Kama hana hayo mnyonyeshe sana, pua isafishe na maji ya chumvi, asali kidogo sawa maana keshapita mwaka (chini ya hapo hapana kabisa). Kikohozi kikigoma wiki mbili, kituoni.

Septrin iliyobaki usimgawie mtoto wa jirani, wamama tunajuana 😅 Halafu cheki kadi ya kliniki kama alimaliza chanjo ya nimonia, wiki ya 6, 10 na 14.