Ukitaka Picha Iwe Yako, Iweke Kamera Kando Kwanza

Kaole, yale magofu ya kale karibu na Bagamoyo, imepigwa picha mpaka imechoka. Kila anayefika Bagamoyo anaondoka na yale makaburi yenye nguzo, na mashua jua likichomoza, na mlango wa kuchonga. Nzuri zote. Ila zichanganye mezani uone kama mwenyewe ataitambua ya kwake. Ndiyo maana kijana akiniuliza anunue kamera gani, namwambia asubiri.

Mimi natumia karatasi, jua na mwani. Njia yenyewe ni kongwe: mwanasayansi John Herschel aliibuni Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani, hakugusa kamera. Unachanganya dawa mbili, amonia feriki sitreti na potasiamu ferisayanaidi zilizoyeyushwa kwenye maji, unapaka karatasi ndani pasipoingia jua, unaiacha ikauke (kwa unyevu wa pwani yetu, uwe na subira). Unalaza kitu juu, unakigandamiza kwa kioo, unatoa nje. Ukishasuuza, palipopigwa jua panakuwa buluu iliyokolea, palipofunikwa panabaki peupe.

Mwani nauchukua Mlingotini, kwa kina mama wanaoulima. Ukiwa mkavu unatoa umbo safi, kila kijitawi kinahesabika. Ukiwa mbichi unavuja, unaacha mabaka na michirizi. Wenye kupenda usafi watakwambia umeharibu. Mimi nayataka mabaka hayo hayo. Mama yangu alitusomesha kwa mwani, akishinda majini kiunoni. Picha kavu haimhusu kabisa.

Tafuta na wewe kitu cha namna hiyo, unachokijua kuliko jirani yako, kisha uone kinataka njia gani. Pengine kitataka kamera. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Filamu iliyobaki baada ya wateja akajipiga mwenyewe, apate picha za kumpelekea bibi yake Nigeria. Baadaye akajigeuza Malcolm X, Nkrumah, Haile Selassie, mtu yule yule mbele ya lenzi. Alianza na mabaki ya filamu tu.

Ukijaribu njia yangu, vaa glavu, na vyombo vya dawa visirudi jikoni. Ferisayanaidi usiichome wala usiikutanishe na asidi kali, inatoa gesi ya sumu. Sabuni inaifuta buluu. Chai ya rangi iliyokolea inaipeleka kwenye weusi, na mimi ndivyo ninavyoipenda zaidi.

Sasa, soko. Watalii hawaulizi mwani, wanauliza mashua. Kodi ya nyumba ikikaribia nakata mashua ya karatasi, naianika juani, nauza. Sioni haya. Ila haziandikwi jina langu.