Difu ya spidi mbili kwa Ford T: kagua hausingi kabla ya gia

Anayeendesha Ford T, lile gari la kale la Ford, sehemu ya milima huijua shida hii mapema sana. Gari lina gia mbili tu za mbele. Ya juu ni ya moja kwa moja, ya chini inapunguza mwendo karibu mara tatu, na katikati hapana kitu. Injini yenyewe ina nguvu ya farasi 20. Mlima ukianza kukaza, gia ya juu inazidiwa, na ya chini inafanya injini ilie huku gari likitambaa. Tena hiyo ya chini haikai peke yake: lazima uikanyage pedali ya kushoto mpaka mwisho, uendelee kuikanyaga hadi kileleni. Mimi naishi Pennsylvania, ambako ukimaliza kilima kimoja unakutana na kingine, na mguu wangu umeyaonja hayo.

Dawa ipo, na ni ya enzi zile zile: difu (gia za ekseli ya nyuma) ya Ruckstell, iliyotengenezwa na kampuni ya Hall-Scott huko Berkeley, California, miaka ya 1920. Ndani mna gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati. Unavuta mkono wa chuma ulio upande wa kushoto wa dereva, difu inashuka spidi ya pili. Gia mbili za giaboksi ukizizidisha na spidi mbili za difu unapata nne, na mlima unaupanda mguu ukiwa umepumzika. Waliowahi kupanda malori ya zamani yenye difu ya Eaton wanamkumbuka dereva akigusa kitufe kwenye mkono wa gia lori likianza kulemewa. Kazi ni ile ile.

Sasa, ukitafuta, anza na mwaka wa gari lako. Ford waliikubali difu hii, na wakala wao waliwauzia wateja, kwa hiyo kwenye gari la 1924 haina ubishi kabisa. Kwenye gari la 1915 mimi pia naikubali, kwa sababu wenye magari wa wakati ule walizifunga kwenye magari waliyokuwa nayo tayari. Lakini kama unataka gari la 1912 lionekane lilivyotoka kiwandani, achana nayo, hata kama itaingia bila kukwaruza.

Halafu tazama breki za nyuma. Mpaka 1925 ngoma zilikuwa za inchi 8. Magari ya 1926 na 1927 yana ngoma za inchi 11. Hausingi ya kushoto ya Ruckstell, yaani ganda la chuma la upande huo wa difu, hufuata ukubwa huo, na hapo ndipo watu wengi wanapouziwa mzigo usiowafaa. Ya kulia ni ya Ford ya kawaida, inapatikana kirahisi. Ya kushoto ndiyo roho ya difu. Gia za ndani leo zinatengenezwa upya huku Marekani na ni nzuri, kwa hiyo meno yaliyolika yasikukimbize. Hausingi iliyopasuka karibu na boliti, au iliyowahi kuchomelewa, iache hapo hapo hata ukibembelezwa kwa bei.

Kwenye minada ya spea kama Hershey hapa Pennsylvania kila Oktoba, au Chickasha kule Oklahoma, utaziona zimelala chini kwenye nyasi. Lakini usipite trela kuukuu la shambani bila kuinama. Wakulima walizichukua difu za Ford T wakazifanya trela, na mara moja moja hausingi ya kushoto ina tumbo kubwa kuliko ya kulia: hiyo ni Ruckstell. Yangu niliipata chini ya trela la namna hiyo, mkono wa kubadilishia haupo, fito hazipo. Uliza hivyo vidogo kabla ya kukubaliana bei, maana kuvitafuta kimoja kimoja kunaumiza mfuko.

Jaribio langu halihitaji zaidi ya chaki. Inua difu, weka alama kwenye shafti ya propela na kwenye magurudumu, kisha zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja. Kwenye spidi ya juu, kwa gia za kawaida za Ford zenye meno 40 na 11, shafti itazunguka mara tatu na zaidi kidogo ya nusu. Hamisha spidi, rudia. Hesabu lazima iongezeke. Ikibaki ile ile, ndani hakuna kinachobadilika, na bei ishuke kulingana na hilo.

La breki naomba ulisome taratibu. Breki ya mguu ya Ford T haishiki magurudumu, inashika ngoma iliyo ndani ya giaboksi, na nguvu yake hupitia kwenye propela na difu ndipo ifike nyuma. Mkono wa Ruckstell ukikwama katikati ya spidi mbili, njia hiyo imekatika: huna injini ya kukuzuia wala breki ya mguu, na gari liko mteremkoni. Vivyo hivyo na washa za ndani za Ford, zilizotengenezwa kwa babiti, metali laini ya kijivu. Kwa umri huu zinamomonyoka kama biskuti, krauni inaachana na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu), na breki inaondoka nayo. Fungua difu yoyote unayonunua, ya trela au ya mnadani, weka washa za shaba nyeusi. Kisha funga breki za ziada kwenye magurudumu ya nyuma. Zile za chapa ya Rocky Mountain ziliuzwa enzi hizo hizo, kwa hiyo hazikuharibii uhalisi wa gari. Bila hizo mimi siwezi kumpakia mtoto wa mtu.

Wenye Ford V8 za miaka ya 1930 njia yao ni nyingine, difu ya Columbia inayobadilishwa kwa vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa wa injini. Nao waangalie breki: Ford waliingia kwenye breki za haidroliki (za mafuta) mwaka 1939, na difu ya kabla ya hapo ina breki za fito au waya.

Ukishafunga Ruckstell, tia oili nzito ya 600W. Grisi haifiki kwenye zile gia ndogo. Baada ya safari za mwanzo kagua ngoma ya kushoto; ukiona oili imelowesha breki, sili ya upande huo haijakaa sawa.