Maumivu ya shingo: sindano na mazoezi vilinisaidia vikienda pamoja

Ndugu, umeuliza uchague sindano za akyupancha (zile nyembamba zisizo na dawa, za tiba ya Kichina) au mazoezi tiba, maana shingo inakuuma miezi sasa. Mimi nimevijaribu kimoja kimoja, kisha vyote kwa pamoja.

Sindano peke yake zilinipa nafuu ya haraka. Nilitoka pale shingo inageuka, usingizi unakuja, lakini siku ya tatu au ya nne maumivu yalikuwa yamerudi palepale. Mazoezi peke yake yalinishinda. Misuli ilikuwa imekaza mno, nikaacha wiki ya pili.

Kilichonisaidia ni kuvipanga. Nilichomwa sindano kisogoni, kwenye vile vibonyeo viwili chini ya fuvu viitwavyo Fengchi, na nyingine Hegu, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Unasikia uzito unaosambaa, si maumivu makali. Siku hiyohiyo, shingo ikiwa bado laini, naingia kwenye mazoezi.

Zoezi lililonitesa kuliko yote ukiliona utasema si kitu: unalala chali, unarudisha kidevu ndani taratibu bila kuinua kichwa, unashikilia sekunde 10, unaachia. Nilitakiwa kurudia mara 10. Siku ya kwanza nilipofika ya nne, shingo ilianza kutetemeka kwa mbele. Mtaalamu akanieleza kuwa misuli ya ndani ilikuwa dhaifu, kwa hiyo ile ya juu ya mabega ilibeba kazi isiyo yake. Sindano zinailegeza hiyo iliyokaza, ila haziwezi kuipa nguvu iliyo dhaifu. Ndiyo maana maumivu yalikuwa yanarudi kila mara.

Nyumbani, siku zisizo na sindano, nabonyeza Fengchi kwa vidole gumba dakika mbili hivi, ndipo naanza mazoezi.

Nakusihi uwe makini na sindano za juu ya bega. Chini yake kuna pafu, na sindano ikizama sana inaweza kulitoboa. Tafuta aliyesomea, afungue sindano mpya mbele yako, na mwambie mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una ujauzito. Na kama mkono unapoteza nguvu, miguu inayumba, mkojo unasumbua, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, nenda kwa daktari kwanza, haya mengine yasubiri.

Maumivu yako yanaishia begani, au yanashuka hadi vidoleni?