Bamia kwa Mwenye Sukari: Mpikie, Usimloweshee

Hapa Lamu, ukiwa na mgonjwa wa sukari ndani ya nyumba hukosi mshauri. Mamangu ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka sasa mimi ndiye ninayempikia, ninayempima na kumkumbusha vidonge. Katika yote tuliyoletewa, lililoshika zaidi ni maji ya bamia: bamia chache zikatwe ncha, zilowe usiku kucha kwenye glasi, asubuhi mgonjwa anywe kabla hajatia kitu tumboni. Jirani yetu mmoja wa hapa Langoni alikuja nayo mkononi. "Mwanangu, mpe mamako haya, na vidonge mwisho ataviacha." Nilimshukuru kwa heshima, ni mtu mzima na alikuja kwa mapenzi. Mama sikumpa.

Si kwamba bamia haina kitu. Inacho, tena kikubwa kwa mboga ya bei ya kila mtu.

Ule ute unaovutika ukiikata ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Zikikutana na wali tumboni, chakula huwa kizito na sukari inayotoka kwenye wanga huingia damuni taratibu, isipande kwa mara moja. Halafu mbegu na ganda vina kemikali za jamii ya flavonoidi, kubwa yao kwasetini na ndugu zake. Maabara zimeonyesha kwamba hizi huzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, kazi ile ile ifanywayo na akabosi, dawa wanayoandikiwa baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2011 watafiti wa India waliwalisha panya wenye kisukari unga wa maganda na mbegu za bamia, sukari ikashuka na mafuta ya damuni pia. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Majaribio yapo, kadhaa ya Iran, lakini watu ni wachache na muda ni wiki tu.

Sasa ile glasi. Mwaka huo huo wa 2011, watafiti wa Bangladesh waliwapa panya maji ya bamia pamoja na metformini, dawa ya kisukari. Ute ulipunguza sukari iliyofyonzwa, ndiyo, lakini ulizuia na metformini isifyonzwe vizuri. Walikuwa panya, lakini kwangu hilo linatosha. Metformini ndiyo dawa wanayoanzishiwa wagonjwa wengi wa aina ya pili, na wengi huimeza asubuhi, saa ile ile ya glasi. Mama huimeza na chai ya asubuhi na chakula cha usiku, basi bamia kwetu ni ya mchana.

Na wanaoidharau dawa ya hospitali kwa kuwa "si ya majani" wajue kwamba metformini yenyewe chanzo chake ni mmea, galega, uliotumika Ulaya tangu zamani. Kemikali yake ilikuwa na sumu, ikatengenezwa nyingine inayofanana nayo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris akaonyesha inavyowasaidia wagonjwa wa kisukari. Tofauti ya kidonge na glasi ni kipimo: kidonge unajua kina kiasi gani.

Jikoni, basi. Nachagua bamia changa, ambazo ncha yake huvunjika kwa kidole. Naziosha kabla ya kukata, nazitia mwisho mwisho kwenye mchuzi wa nyanya na ukwaju, pamoja na samaki na tui jepesi. Ute siuondoi, ndio tunaoutaka. Kuzikaanga kwenye mafuta mengi siwashauri.

Kinachosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni nafasi ambayo bamia inaichukua kwenye sahani. Gramu 100 za wali mweupe zina wanga gramu 28 hivi. Bamia mbichi za uzito huo zina gramu 7, na karibu 3 kati yake ni nyuzinyuzi. Nusu ya sahani ya Mama ni mboga, robo samaki, robo wali. Ukimwekea mlima wa wali wa nazi halafu ukamwagia bamia juu, hujafanya kitu.

Mpime mwenyewe uone: kabla ya kula, na tena saa mbili baada ya kuanza kula. Mlo ule ule wenye bamia na usio na bamia, uandike kwenye daftari, uende nalo kliniki. Kama mgonjwa wako anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, usimpunguzie wali kabla ya kusema na daktari, maana sukari inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo. Akitetemeka, akitoka jasho au akizungumza ovyo, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Mwenye figo dhaifu au aliyewahi kupata mawe ya figo naye aulize kwanza, kwa sababu bamia ina potasiamu, ambayo figo dhaifu huweza kushindwa kuitoa, na oksalati, inayochangia mawe.

Na Ramadhani msingoje hadi mwezi uandame. Nendeni kliniki wiki kadhaa kabla, muulize kama mgonjwa anaweza kufunga, na kama anaweza, vidonge vya futari na vya daku viwe vingapi.